Rotaract sio frimasoni jamani

Hapa Mbeya hii stori nimeisikia toka niko shule, kwamba vijana wa chuo wa Rotaract, yaani klabu za vijana za kujitolea za chama cha Rotary, ni frimasoni, na ushahidi eti ni lile gurudumu kwenye beji. Sasa hebu iangalieni hiyo beji kwa karibu, ile ni gia, ina meno 24 na spoku 6, na tundu la katikati lina mkato pembeni, mkato wenyewe ni wa kile kichuma kinachobana gia kwenye shafti isizunguke bure, muulize fundi yeyote wa mashine ya kusaga. Nembo ya frimasoni ni bikari na skweya, kitu kingine kabisa.

Rotary ilianza Chicago 1905, aliianzisha wakili Paul Harris, na jina limetokana na mikutano yao ya mwanzo kuzunguka ofisi za wanachama kwa zamu, basi. Rotaract ya vijana ikaja 1968, klabu ya kwanza ilikuwa chuo kikuu huko Charlotte, Marekani. Hamna kiapo cha siri. Inaniuma sana mzazi anapomkataza binti yake kwenda kujitolea na wenzake, wakati matone ya polio aliyopewa huyo binti utotoni, Rotary hao hao wanayachangia duniani toka 1985.