Mbao za ngazi: dhana zinazowaacha watu na vidato pungufu

Tuchukue ngazi moja ya kukokotoa: kimo chake mita 2.7 kutoka sakafu hadi sakafu, upana milimita 900. Kimo hicho kipimwe kati ya sakafu zilizokwisha kumaliziwa. Ukipima zege tupu, vigae vitakavyofuata vitabadilisha kidato cha kwanza au cha mwisho.

Dhana: Vikanyagio (mbao za kukanyaga) ni sawa kwa idadi na viinuko (sehemu za wima kati ya kikanyagio na kikanyagio).
Kila kiinuko kikiwa na milimita 180, gawanya 2,700 kwa 180, unapata viinuko 15. Vikanyagio ni 14, kwa sababu hatua ya mwisho inakanyaga sakafu ya juu yenyewe.

Dhana: Mbao za mshazari zinazobeba vidato zina urefu wa nafasi ambayo ngazi inachukua sakafuni.
Vikanyagio 14 vyenye kina cha milimita 260 vinachukua mita 3.64 sakafuni, lakini ubao unapanda kwa mshazari. Kwa kila kidato, 180 kwenda juu na 260 kwenda mbele huzaa milimita 316 za mshazari. Zidisha kwa 15: mita 4.74, pamoja na akiba ndogo ya kukata kichwa na mguu. Ncha za mbao mara nyingi zimepasuka, kwa hiyo toa sentimita 5 kila upande. Ubao wa mita 4.8 tayari umekuwa mfupi. Agiza wa 5.1.

Dhana: Ubao wa mshazari wenye upana wa inchi 10 unatosha, wa inchi 12 ni hasara.
Hapa ndipo ngazi nyingi hudhoofika. Ubao unaoitwa wa inchi 10, ukishapigwa randa, hubaki na milimita 235 hivi. Wa inchi 12 hubaki na 286. Pengo linalokatwa ili kidato chetu kikae linaingia milimita 148 ndani ya ubao. Kwa hiyo wa kwanza unabakiwa na milimita 87 za mbao nzima, na wa pili 138. Kiwango cha chini kinachotumika sana ni karibu 90. Chini ya hapo, ubao hunesa mtu akipita, kisha hupasuka kuanzia kwenye kona ya pengo. Nunua wa inchi 12, mbao tatu: mbili za pembeni na moja ya katikati.

Dhana: Jumlisha mita, ongeza asilimia kumi, umemaliza.
Hii ndiyo dhana inayogharimu zaidi, maana hesabu yake inaonekana safi kabisa. Vikanyagio 14 vya milimita 900 ni mita 12.6, ongeza asilimia kumi, ni 13.86. Mbao nne za mita 3.6 zina jumla ya mita 14.4, basi zinatosha? Hazitoshi. Msumeno unakula milimita 3 hivi kila mkato, na ncha lazima zisafishwe. Ubao wa mita 3.6 hautoi vipande vinne vya 900, unatoa vitatu. Mbao nne zinakupa vikanyagio 12, na viwili vinakosekana huku vipande vya karibu sentimita 90 vikibaki bila kazi.

Hesabu vipande vinavyotoka kwenye kila ubao. Wa mita 3.9 unatoa vinne bila shida, hivyo mbao nne zinakupa vikanyagio 16, viwili vikiwa vya akiba. Vivyo hivyo kwa mbao nyembamba za kuziba viinuko: nne za 3.9 zinatoa 16, wewe unahitaji 15. Kama mchoro unaruhusu kupunguza upana hadi 880, ubao wa 3.6 wenye ncha nzuri unaweza kutoa vinne. Uliza hilo kabla ya kununua.

Kina cha kikanyagio nacho kisisahaulike: 260 pamoja na ulimi wa 25 unaotokeza mbele ni 285, kiasi kinachotoka kwenye ubao uleule wa 286 bila kuunganisha vipande.

Dhana: Ubao wowote wa urefu unaofaa ni sawa.
Kifundo (alama ngumu pale tawi lilipoota) kikiangukia kwenye kona ya pengo, ubao wa mshazari umeharibika hata kama haujapasuka bado. Urefu wa ziada katika ule wa mita 5.1 unakuwezesha kusogeza alama zote juu au chini ili vifundo viangukie kwenye pembetatu zinazokatwa na kutupwa. Chora kwa penseli kidato hadi kidato kabla msumeno haujagusa mbao.