Chumba cha CT baridi kama friji, ila unyevu bado umejaa

Imani potofu inayotesa watu wengi wanaotunza vyumba vya CT (mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili) hapa Mwanza ni hii: "chumba kina baridi, kwa hiyo ni kikavu." Hapana jamani. Hewa ikipoa inakuwa haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi, sasa chukua hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu asilimia 60 ya uwezo wake, ishushe hadi nyuzi 20 bila kutoa maji yaliyomo, unyevu unapanda mpaka karibu asilimia 97, wakati mashine nyingi za CT na eksirei zinataka kama 30 hadi 60 tu. Yaani wewe umevaa sweta huku mashine inaoga. Kinachokausha hewa ni mvuke kugeuka maji kwenye koili ya AC (yale mabomba ya baridi ndani yake) na maji hayo kutolewa nje, siyo ubaridi wenyewe.

Ndo maana "weka AC kubwa kabisa" nayo ni uongo. AC ya BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye kachumba inafikisha nyuzi unazotaka chapchap, kompresa, yaani pampu inayoleta ubaridi, inazima, feni inaendelea kupuliza na maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi hewani. Bora ya saizi ya chumba, ifanye kazi muda mrefu.

Kuna wanaozima AC usiku kuokoa umeme. Bili naielewa, ila usiku ndo unyevu unapanda zaidi, masika usiseme, unakaa kwenye vumbi la bodi za umeme halafu asubuhi mnawasha kitu kinachopeleka volti 120,000 kwenye tyubu inayotoa mionzi. Mashine inagoma, fundi anaitwa, anafika saa nane mchana pameshakauka, anafungua haoni kitu, anaondoka, kesho yake tena.

"Fungua dirisha, hewa ya ziwa ni safi." Safi sawa, kavu hapana! Hewa ya nyuzi 28 na unyevu asilimia 75 inatoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 23 kushuka chini, na mashine yako iko 20, itatoka jasho kama soda ya baridi. Mlango uliowekewa jiwe usijifunge kisa foleni ndefu ni yale yale, na kudeki kwa dekio lisilokamuliwa pia.

Wagonjwa wengine wanaamini baridi inazuia mionzi. Haizuii, kazi hiyo ni ya madini ya risasi mlangoni na ukuta mnene, kwa hiyo bibi akiomba shuka apewe tu.

Kukausha kupita kiasi nako siyo sifa, chini ya asilimia 30 umeme tuli unaanza kusumbua vifaa, ila kwa mitaa ya Mwanza kama Kirumba au Igoma hiyo hata usiiwaze.

Halafu AC ikidondosha maji nje watu wanasema imekufa. Wee, hayo ndo maji yaliyotolewa chumbani! Ogopa siku mvua inanyesha, AC inaunguruma na kile kibomba cha kutoa maji nje kikavu, hapo ita fundi aangalie kama kimeziba.