Nilipoinua Gari kwa Inchi 4 na Difu Ikabaki Palepale

Gari langu ni Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, dizeli ya lita 2.5, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiliboresha katika gereji yangu hapa Mwanza ili lipande mawe. Sizungumzii kukimbia porini wala kuvuka matope, ambayo yana ufundi wake. Nazungumzia kupanda mwamba wa granite tairi moja baada ya jingine, kwa mwendo ambao mtu anayetembea kando ya gari hulazimika kusimama kulisubiri. Vilima vya mawe tunavyo tele, kuanzia Igogo na Mabatini ndani ya mji hadi huko Luchelele ambako huwa nalijaribu gari, na karibu kila kosa linaloweza kufanywa katika kazi hii nimelifanya kwa fedha zangu mwenyewe.

Kosa la kwanza, ambalo bado naliona kwa wateja wengi, ni kuanza na springi. Niliagiza koili springi ndefu pamoja na shokapu zake, nikainua bodi kwa inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, na gari likapendeza mno. Wiki iliyofuata nililala chini yake na futi kamba mkononi, nikapima kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa ya difu ya nyuma, yaani lile bonge la chuma katikati ya ekseli lenye gia zinazogawa nguvu kwa matairi. Nikapata sentimita 21, kama ilivyokuwa kabla ya kazi yote ile. Springi hukaa juu ya ekseli, kwa hiyo huinua chasisi na kila kilichobebwa nayo, lakini difu, ambayo ndiyo inayogonga jiwe kwanza, haiguswi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Nilipotoka kwenye tairi za 235/85R16, zenye kipenyo cha milimita 806, nikahamia 285/75R16 zenye milimita 834, difu ilipanda milimita 14, ambazo ni unene wa kidole changu cha mwisho.

Hasara za zile inchi 4 hazikuchelewa. Ekseli ya mbele ya Defender imeshikwa na mikono miwili mirefu, na bodi inapopanda, mikono hiyo huizungusha ekseli kidogo, hivyo ule mlalo wake unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati ukapungua. Njiani kuelekea Usagara, kwa mwendo wa kilomita 80 tu, gari lilikuwa likitangatanga kama ng'ombe asiye na mchungaji. Propela, ile fimbo inayopeleka mzunguko kwenye ekseli, nayo ikawa inafanya kazi kwa pembe kali, na krosi zake, yaani viungo vya kwenye ncha, nilizibadilisha mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kubwa kuliko yote, uzito ulikuwa umepanda juu, na nilipokatiza mteremko kwa ubavu niliuhisi mwili wa gari ukiegemea upande wa bondeni mapema kuliko nilivyozoea. Sasa hivi nina springi za inchi 2, zinazotosha kuyapa matairi nafasi ya kupanda na kushuka bila kugusa bodi, na fedha iliyobaki niliielekeza mahali ilipopaswa kuanzia, yaani kwenye gia.

Jiwe hupandwa kwa upole. Gari likifika kwenye ukingo wa jiwe likiwa na kasi, springi hubanwa kisha hufyatuka, tairi huruka, na likitua hutua kwa kishindo ambacho hafushafti, fimbo inayozungusha tairi kutoka kwenye difu, ndiyo hukilipia. Ili ujue gari lako linaweza kwenda polepole kiasi gani, zidisha uwiano wa gia namba moja kwa uwiano wa gia ya chini ya transfa, lile sanduku la gia la pili, kisha kwa uwiano wa difu. Kwangu ilikuwa 3.69 mara 3.32 mara 3.54, jibu ni karibu 43. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, bila mguu kugusa mafuta, gari lenye tairi kubwa lilikuwa linatembea karibu kilomita 2.7 kwa saa. Inaonekana kidogo, lakini juu ya jiwe linaloteremka upande wa pili ni kasi ya kukutia hofu, na unajikuta unakanyaga klachi, kosa baya kuliko yote kwa sababu hapo injini haishiki gari tena. Niliweka difu za 4.11 mbele na nyuma. Lazima ziwe sawa pande zote mbili, vinginevyo ekseli zitapigana na kuvunjana. Uwiano ukafika 50 na mwendo ukashuka hadi kilomita 2.3. Barabara ya lami imenigharimu kidogo, kwani injini sasa inazunguka zaidi kwa karibu asilimia 16 kwa mwendo uleule, na sijutii hata kidogo.

Baada ya gia nikafunga loki katika difu ya nyuma. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya mzunguko sawasawa kwa matairi mawili, na huo usawa ndio tatizo lenyewe. Tairi lililoning'inia hewani huzunguka kwa nguvu kidogo sana, kwa hiyo lile lililokanyaga jiwe nalo hupewa kiasi hichohicho kidogo, na gari linasimama huku tairi moja likizunguka bure. Loki huyafunga pamoja. Lakini loki ya nyuma hailindi kitu cha mbele. Siku moja Luchelele tairi la mbele kushoto liliingia katika ufa kati ya mawe mawili, nami nikaongeza mafuta nikiamini litachomoka. Msaidizi wangu, aliyekuwa amechuchumaa mbele akiniongoza kwa mikono, akapaza sauti: "Bosi, limebanwa! Usikanyage!" Nilikwisha kukanyaga. Ulisikika mlio mkavu, kama kuni ya mkaratusi inayovunjwa gotini, na tulipoifungua difu jioni tulikuta vigia vyake viwili vidogo vya kati vimepasuka meno. Tangu siku hiyo mtu aliye nje ndiye anayeamua, na akinyoosha kiganja, gari linasimama hata kama mimi naona njia.

Upepo wa tairi haugharimu chochote, na ndio unaoleta tofauti kubwa kuliko kifaa chochote nilichonunua. Barabarani natembea na psi 35, mawe yakianza nashusha hadi 18. Nilipaka tairi chaki nyeupe nikaliweka juu ya sakafu ya saruji kwa vipimo vyote viwili, na alama ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza kwa upana wa kiganja changu. Tairi laini hulikumbatia jiwe, na chembe nene za granite kavu hulishika vizuri sana. Difu hushuka kidogo upepo ukipungua, na gharama hiyo naikubali. Ninachokiogopa ni mawe yaliyopasuliwa. Mawe ya asili yamelainishwa na jua na mvua kwa miaka isiyohesabika, ila pale ambapo wapasua kokoto wamechoma mwamba kwa moto na kuuvunja kwa nyundo, vipande vyake vina makali ya kisu, na tairi lenye upepo mdogo hutoa ubavu wake nje, mahali penye mpira mwembamba. Penye kokoto mpya narudisha upepo, au nazunguka.

Kinga za chini nilichomelea mwenyewe kwa plati ya milimita 6, moja mbele ya fimbo ya usukani na nyingine chini ya tangi la mafuta. Mabomba ya pembeni yameshikwa kwenye chasisi, kwa sababu bodi ya Defender ni ya aluminiamu na haiwezi kubeba uzito wa gari.

Kila Jumatatu baada ya safari namwaga oili kidogo kutoka katika difu zote mbili na kufuta nati zake za sumaku kwa kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Nikikuta kipande kinachokwaruza ukucha, gari halitoki gereji hadi difu ifunguliwe.