Eti aliyechanjwa anamwaga virusi? Inategemea ni chanjo gani

Swali linalotufikia sana hapa kitengo cha chanjo ni hili, eti mtu akishachanjwa anamwaga virusi kwa walio karibu naye. Mi sipendi tunapomjibu mtu "huo uzushi" tukaishia hapo, maana zipo chanjo ambazo kweli zinamwaga, na siku akigundua tulimficha hicho kidogo hatatuamini tena hata kwenye kikubwa.

We uliza kitu kimoja tu: ndani yake kuna kirusi hai? Chanjo za Korona za mRNA hazina kirusi kabisa, zina maelekezo ya kutengeneza protini moja, mwili unayasoma halafu unayavunja, sasa hapo cha kumwambukiza mwenzio kiko wapi? Pepopunda nayo haina, hepataitisi B nayo haina.

Zenye kirusi hai kilichodhoofishwa ndo habari nyingine. Ya rota, kirusi kinacholeta kuhara kwa watoto, mtoto anapewa mdomoni, kirusi kinazaliana kwenye utumbo na kinatoka na kinyesi kwa siku kadhaa. Kuna mama aliniuliza, bibi yake mtoto yuko kwenye dawa za saratani, je asimpakate mjukuu? Ampakate tu, ila nepi abadilishe mtu mwingine, na huyo anayebadilisha anawe vizuri kwa sabuni, basi.

Polio ya matone ndo inahitaji maelezo zaidi. Kile kirusi cha chanjo kikiingia kwenye jamii yenye watoto wengi wasiochanjwa kinahama mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kinabadilika, mwisho kinarudisha nguvu ya kupoozesha. Hilo limetokea kweli. Ndo maana Aprili 2016 kirusi cha polio aina ya 2 kiliondolewa kwenye matone ya kawaida dunia nzima, na 2021 ikaanza kutumika nOPV2, chanjo mpya ya matone ya aina hiyo ya 2, iliyoundwa isibadilike kirahisi. Ila ona kinapopata njia: ni pale ambapo wengi hawajachanjwa.

Na madhara je? Homa na mkono kuuma siku moja mbili ni maudhi ya kawaida. Mzio mkali ni nadra mno, ila ukija unakuja haraka, ndo maana tunakung'ang'aniza ukae dakika 15 kabla ya kuondoka. Za mRNA zimewahi kuleta uvimbe wa misuli ya moyo, mara chache, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Kijana wako akilalamika kifua kinabana au moyo unaenda mbio siku chache baada ya kuchanjwa, mlete siku hiyohiyo na kadi yake ya chanjo, tumpime na tuandike taarifa.