Pawa saplai imekufa, lakini usikimbilie dukani

Juzi asubuhi, kabla sijafungua kufuli la pili la ofisi, nilimkuta mama mmoja mwenye steshenari amesimama mlangoni, amekumbatia kompyuta ya mezani kama mtoto aliyeamka na homa. Nyuma yake kijana wake ameshika boksi jipya la pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kufaa kompyuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, hii imekata roho. Jana jioni umeme ulikatika, uliporudi ikagoma kabisa. Huyu mwanangu kaangalia YouTube, akasema ni pawa saplai. Tumenunua mpya, lakini waya zake hazitaki kuingia."

Kijana alikuwa amepatia nusu. Ugonjwa aliotaja ndio wenyewe, ila dawa aliyonunua ilikuwa ya mgonjwa mwingine. Na hata hiyo nusu, nilipomhoji, niligundua aliipatia kwa bahati, kwa sababu hakupima chochote. Kompyuta isiyowaka si lazima iwe na pawa saplai mbovu. Nimewahi kupanda daladala mbili mpaka Mbagala kwa mteja, nikakuta fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya ile plagi ya pini tatu imekatika. Mara nyingine ni swichi ndogo ya nyuma ya pawa saplai, mtoto kaibonyeza wakati anadeki. Mara nyingine ni ekstensheni yenyewe. Mara nyingine ni kitufe cha kuwashia kilichochoka, na pawa saplai ni nzima kama kigongo. Mambo haya yanakaguliwa kwa dakika tano na hayahitaji shilingi.

Kabla ya kushika bisibisi nilimuuliza mama swali moja.

"Kabla ya jana, ilikuwa inawaka ukibonyeza mara moja tu?"

"Aa, fundi, siku hizi mpaka uibembeleze. Unabonyeza mara mbili, tatu, wakati mwingine unachomoa waya ukutani unachomeka tena, ndiyo inakubali."

Jibu hilo lilinitosha kujua wapi pa kuanzia, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba pawa saplai ya mezani hailali. Ukizima kompyuta ukaiacha imechomekwa ukutani, ndani yake kuna saketi ndogo inaendelea kufanya kazi usiku kucha. Kazi yake ni kutoa umeme mdogo wa kusubiri, ambao kwenye pawa saplai za kawaida ni volti 5 kupitia waya wa zambarau. Umeme huo ndio unaoiweka macho mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani. Kitufe cha mbele ya kompyuta hakiunganishi umeme wa ukutani na kitu chochote. Kinaiashiria mazabodi tu. Mazabodi nayo inauvuta waya wa kijani ushuke hadi karibu na sifuri, na hapo ndipo sehemu kubwa ya pawa saplai inaamka na kutoa volti 12, 5 na 3.3. Zikishatulia, waya wa kijivu unapeleka taarifa kwamba umeme uko sawa, sasa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inaweza kuanza. Yote hayo yanapita chini ya sekunde moja.

Sasa fikiria ile saketi ndogo ya kusubiri. Kwenye steshenari ya mama imechomekwa mwaka mzima, feni ikiwa imezimwa usiku, vumbi la karatasi limejaa, joto la Dar unalijua. Kapasita zake ndogo, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, zinakauka taratibu. Mafundi tuna kanuni ya jumla kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, maisha ya kapasita za aina hiyo yanapungua kwa nusu. Kwa hiyo zinapochoka, dalili ya kwanza ni hiyo hiyo ya kubembeleza: bonyeza mara mbili, chomoa, chomeka. Mama alikuwa akipewa onyo kwa wiki kadhaa. Umeme uliorudi kwa kishindo jioni ile ulimalizia tu.

Kijana akaniambia yeye kwenye video aliona watu wanapima kwa kipande cha waya, wanaunganisha wa kijani na mweusi. Ni kweli, ni kipimo halali kwa pawa saplai ya kawaida yenye konekta ya pini 24. Unaitoa kwenye mazabodi, unachomeka ukutani, unaunganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi, feni inazunguka. Ila feni kuzunguka haina maana kwamba pawa saplai ni nzima. Feni inaridhika na umeme mchafu ambao prosesa haiwezi kuuvumilia. Mimi naweka mzigo kidogo, angalau diski moja ya zamani, kisha napima kwa mita ya volti. Waya wa njano uwe kati ya 11.4 na 12.6. Mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Hiyo ni asilimia 5 juu au chini. Nikikuta 12 imeshuka mpaka 11 na diski moja tu imefungwa, sihitaji kuendelea.

Kwa mashine ya mama kipimo cha waya wa kijani hakikuhusika, na hapo ndipo ilipolala shida ya boksi jipya.

Ile ni mashine ya ofisi, mtumba wa Ulaya, kesi nyembamba ya kulala. Konekta kubwa ya mazabodi yake haina pini 24. Ina 6. Kampuni kubwa zinazotengeneza kompyuta za ofisi ziliachana na mpangilio wa kawaida wa ATX, ule uliowekwa na Intel mwaka 1995, kila moja ikachukua njia yake. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina 6. Lenovo ThinkCentre M92p ina 14. Hizi ndizo mashine zilizojaa steshenari, shuleni na kwenye vibanda vya intaneti, kwa hiyo mtu akinunua pawa saplai kwa kuangalia boksi tu, uwezekano wa kurudi dukani ni mkubwa.

"Mimi nilitaka kukata waya nizifungie humu," kijana akasema, akionyesha konekta ya zamani. "Njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi."

Nilimshukuru Mungu hakuwa na koleo. Mashine za namna hii hazipewi volti 5 wala 3.3 kutoka kwenye pawa saplai. Zinapewa volti 12 tupu, mazabodi yenyewe inashusha hadi 5 na 3.3, na inalisha diski kutoka hapo. Hata umeme wa kusubiri si 5, ni karibu na 12. Ndiyo maana adapta za kutoka pini 24 kwenda 6 zinazouzwa zina kijibodi kidogo kilichofungwa katikati ya waya. Kazi yake ni kupandisha ile 5 ya kusubiri ifike 12. Ukikata na kufunga kwa kufuata rangi, hali nzuri kabisa ni mashine kutowaka. Hali mbaya ni kupeleka umeme mahali usipotakiwa na kuua mazabodi iliyokuwa nzima. Hapo mama angekuwa ameingia dukani kutafuta pawa saplai na kutoka akitafuta kompyuta.

Adapta ni njia inayokubalika kwenye kesi kubwa. Lakini kwa kesi nyembamba kuna jambo jingine: pawa saplai ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Haiingii. Kijana alishapanga iwekwe nje, juu ya meza, waya zikipita kwenye mwanya wa mfuniko. Nimeona mashine nyingi zinaishi hivyo, na siwezi kusema hazifanyi kazi. Ila kwenye steshenari yenye watoto wa shule wanaoegemea kaunta na chupa za soda, mimi siifungi hivyo.

Nilichofanya ni kutafuta ileile. Ukitoa pawa saplai ya kampuni utaona kibandiko chenye namba ya kifaa. Namba hiyo ndiyo unayokwenda nayo kwa wauza mtumba, wala usiende na maneno "ya wati mia mbili na arobaini". Kariakoo kuna wanaochinja mashine zilizokufa mazabodi na kuuza viungo. Nikapata yenye namba hiyo hiyo, nikaipima palepale kabla sijatoa hela. Ya kusubiri ilisimama 12 bila kutikisika. Nikamwomba muuzaji aichomeke kwenye mashine yake, tukaiacha inafanya kazi muda wa kikombe cha chai. Ikatulia.

Kufunga ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Piga picha waya zilivyokaa. Konekta zina klipu, ibonyeze klipu, uvute konekta na si waya. Fungua skrubu, toa, ingiza mpya, rudisha. Kwenye kompyuta za kuunga mwenyewe kuna mitego miwili ya kuongeza. Konekta ya pini 8 ya prosesa na ile ya pini 8 ya kadi ya picha zinafanana kwa macho, lakini 12 na hasi zimekaa kinyume, usilazimishe. Pia kama pawa saplai yako ina waya za kuchomoa, usitumie waya za ile ya zamani kwenye mpya hata kama zinaingia vizuri. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na diski nyingi zimeungua hivyo.

Jambo la tatu linahusu mashine za zamani za mtumba wa Marekani. Angalia nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa imebaki 115 na wewe ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, utasikia mlio ambao hautausahau. Sababu yake ni hesabu tu. Kwenye 115 saketi imepangwa kuongeza umeme mara mbili. Umeme wa 230 ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) unafika kama volti 325, ukiongezwa mara mbili ni 650, zinazogawanywa kwa kapasita mbili ambazo kila moja imeandikwa 200. Zinapasuka, moshi unatoka, na fyuzi inakata ikiwa imechelewa. Mashine za miaka ya karibuni nyingi zinapokea kuanzia 100 hadi 240 zenyewe, swichi hiyo hakuna.

Ile iliyokufa niliifungua jioni. Naomba usiige. Kapasita kubwa ya ndani hubeba volti 300 hadi 400 na inaweza kukaa nazo muda baada ya kuchomoa. Mimi naumwaga umeme wake kwa rezista, kifaa kidogo cha kuupunguza taratibu, na kupima kabla ya kugusa, na bado mkono mmoja nauweka mfukoni. Ndani nilikuta nilichotarajia: kapasita mbili ndogo za upande wa kusubiri, vichwa vimetuna kama maandazi, na vumbi lililoganda juu ya feni. Afadhali hiyo. Mwaka jana nilifungua nyingine nikakuta mjusi amekauka, mkia upande mmoja wa fyuzi na kichwa upande wa pili. Yule mteja hakuamini mpaka nilipompa picha.

Mashine ya mama iliwaka kwa kubonyeza mara moja. Nimemwambia jioni azime swichi ya ukutani, asiiachie ile saketi ndogo usiku kucha, na nimemfungia kifaa cha kulinda umeme chenye kuchelewesha, kile watu wanachotumia kwenye friji, ili umeme ukirudi usubiri dakika chache utulie ndipo uingie.

Ile mpya ya kijana duka lilikataa kuipokea kwa sababu boksi lilikuwa limefunguliwa, akaniachia. Imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo, kwenye jedwali la pembeni, laini ya volti 12 imeandikwa ampea 14. Zidisha: wati 168. Kompyuta za leo zinakula karibu kila kitu kutoka kwenye hiyo laini, kwa hiyo hizo ndizo wati zake, nyingine ni za boksi. Prosesa kama i5-4570 imepangiwa wati 84, kwa hiyo kwa ofisi ingeweza kujikongoja, lakini ya mtumba ya 240 ninaiamini zaidi. Hata uzito unasema kilichomo ndani: nilikwenda nayo kwa jirani yangu muuza mchele, mizani yake ikasoma gramu mia saba na kitu. Ile ya zamani, ndogo kwa umbo, ilikuwa nzito kuliko hiyo.

Sijaitupa. Nimeunganisha wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, nikaichomekea feni ya kesi ya milimita 120, na hapa ninapoandika ndiyo inanipepea.