Mnong'ono wa moyo sio tundu

Naomba tuliweke sawa hili maana nimelisikia likisemwa vibaya mara nyingi mno. Mtoto kapelekwa kliniki kwa kikohozi, daktari kamsikiliza kifuani akasema "nasikia mnong'ono kwenye moyo", na mpaka jioni ukoo mzima unajua kwamba mtoto ana tundu kwenye moyo na watu wameshaanza kuulizana kwenda India kutibiwa ni shilingi ngapi. Mama wa watu hapati usingizi.

Mnong'ono ni sauti ya damu ikipita kwa kasi au kwa kuvurugika, inasikika katikati ya yale mapigo mawili ya kawaida ambayo ni vali (milango) za moyo zikijifunga. Ni sauti, sio jina la ugonjwa.

Tundu ni mojawapo tu ya vitu vinavyoweza kuleta sauti hiyo. Vingine ni vali iliyobana, vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki (ile inayoanzia kwenye koo ambalo halikutibiwa, na huku kwetu bado ipo sana), upungufu wa damu baada ya malaria, hata homa tu ya siku mbili inayofanya damu ikimbie. Na kinachoongoza kuliko vyote hivyo ni moyo mzima kabisa usio na shida yoyote. Inakadiriwa nusu ya watoto au zaidi husikika mnong'ono wakati fulani utotoni, wakati wanaozaliwa na hitilafu ya moyo ni kama 8 hadi 10 katika kila watoto 1,000, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe uone wangapi wanabebeshwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Na hili sio jambo jipya. George Frederic Still, daktari wa watoto wa Uingereza, alishaandika mwaka 1909 kuhusu mnong'ono mmoja wenye muziki ndani yake, mzito kidogo, anausikia kwa watoto wazima wanaocheza na kukua vizuri, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Unasikika zaidi mtoto akiwa amelala chali, akisimama unapungua au unapotea kabisa. Kulala na kusimama, ndio kipimo chenyewe na hakina gharama. Maana kuna ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, ule unaoweza kumwangusha kijana uwanjani ghafla, mnong'ono wake unafanya kinyume, akisimama ndio unaongezeka. Sasa daktari aliyemsikiliza mtoto amelala tu halafu akaandika "mnong'ono upo" hajamaliza kazi.

Kitu cha pili kinachoniumiza ni zile namba. Mzazi anaona kwenye karatasi "3/6" anadhani ni kama hatua za saratani, kwamba mtoto ameshafika nusu ya njia. Hapana jamani! Hiyo ni ngazi ya ukubwa wa sauti tu, ilitokana na kazi ya Samuel Levine huko Marekani mwaka 1933, moja ni sauti hafifu sana na sita unaisikia hata stetoskopu ikiwa haijagusa ngozi. Kuanzia nne ukiweka kiganja kifuani unahisi mtetemo, na hapo kweli inabidi mtoto achunguzwe. Lakini ukubwa wa sauti sio ukubwa wa ugonjwa. Mfaransa Henri Roger alieleza mwaka 1879 habari ya tundu dogo kati ya vyumba vya chini vya moyo ambalo linapiga kelele kubwa huku mtoto mwenyewe hana dalili, ni kama mpira wa maji ukibana mdomo wake, tundu likiwa dogo ndio damu inatoka kwa kasi na sauti inakuwa kubwa. Tundu kubwa linaweza kuwa karibu kimya. Tena mtoto mchanga mwenye tundu, siku ya kwanza presha ya mapafu bado iko juu, damu haipiti kwa nguvu, husikii kitu, sauti inakuja baada ya siku kadhaa au wiki, ndio maana "alisikilizwa alipozaliwa" haitoshi na kliniki ya wiki ya sita ina maana yake.

Kwa hiyo watu wanaposema tuwafundishe madaktari wa familia na matabibu wa vituo vya afya kusikiliza mioyo ya watoto, wengi wanaelewa ni kuwafundisha kuunasa mnong'ono. Kuunasa ni sehemu ndogo. Kazi ni kuutenganisha, na kwa mtoto ni ngumu kuliko kwa mtu mzima kwa sababu moyo wa mchanga unapiga mara 120 hadi 160 kwa dakika, ile nafasi kati ya pigo na pigo ni fupi mno. Sikio linazoea kwa kurudia, kusikiliza rekodi ileile mamia ya mara mpaka ikae kichwani, mhadhara mmoja hausaidii kitu. Halafu kuna mambo ya mikono na macho: anza na moyo mtoto akiwa bado ametulia mapajani kwa mama yake, kabla hujamfungua mdomo kuangalia koo akaanza kulia, pasha stetoskopu joto kiganjani, gusa mshipa wa kinenani maana ukiwa dhaifu huenda mshipa mkuu umebana, angalia midomo kama ina rangi ya bluu, muulize mama kama mtoto anatoka jasho na kuchoka akinyonya, angalia kadi kama uzito unapanda.

Mtoto mwenye dalili hizo anaenda eko (kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti) haraka hata kama moyo wake uko kimya. Na mwenye mnong'ono laini, anayekula, anayekua, anayekimbia na wenzake, mnong'ono unaopungua akisimama, mara nyingi anachohitaji ni mama yake kuelezwa vizuri, na yeye mtoto kusikilizwa tena siku nyingine homa ikiwa imeisha.

Basi mtu akikwambia mwanae kakutwa na mnong'ono, usimpe pole ya tundu. Muulize daktari alisema ni wa aina gani, na kama hakuambiwa, mshauri arudi akaulize.