Jeni inayozuia VVU: wachangia damu wangapi wanayo?

Ni kweli kuna watu ambao VVU haviwaingii?

Wapo, ila wachache. Ili kuingia kwenye seli, VVU hushika kipokezi cha CD4, kisha kipokezi cha pili, mara nyingi CCR5. Mwaka 1996 wanasayansi waligundua kwamba baadhi ya watu wana jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32 za DNA, hali iitwayo delta 32. Kwao kipokezi hicho hakifiki juu ya seli: kirusi kinabisha hodi pasipo na mlango.

Kwa nini hesabu hufanywa kwa wachangia damu?

Ni wengi, wana afya, na damu imeshatolewa. Kasoro ni kwamba wenye VVU wameshachujwa, hivyo watafiti huwalinganisha na watu wanaoishi na VVU.

Basi ni wangapi?

Hapa ndipo wengi huteleza. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, takribani nakala 10 kati ya 100 ni za delta 32. Msomaji akiona "asilimia 10" hudhani mtu mmoja kati ya kumi amekingwa. Sivyo, kwani kinga hii hudai nakala zote mbili, na moja ya kumi mara moja ya kumi ni moja ya mia. Chukua wachangia damu 1,000 wa huko: kama 10 wana nakala mbili, 180 wana moja, na 810 hawana kabisa. Kaskazini mwa Ulaya idadi hupanda, kusini hushuka. Kwa watu wa asili ya Afrika na Asia ya Mashariki, karibu haipo.

Mwenye nakala moja je?

Huambukizwa kama mtu yeyote, ingawa asipotumia dawa ugonjwa huelekea kwenda polepole zaidi.

Nikiongezewa damu ya mwenye nakala mbili nitakingwa?

Hapana. Seli za mchangiaji hazidumu mwilini mwako. Timothy Ray Brown, aliyepona VVU baada ya matibabu Berlin, hakuongezewa damu tu; alipandikizwa seli mama za damu kwa sababu ya saratani ya damu, tiba yenye hatari ya kuua.

Nikiwa nazo mbili, niache kondomu?

Usithubutu. Vipo VVU vinavyopitia kipokezi kingine, CXCR4, na watu wachache wenye nakala mbili wameshaambukizwa. Ndiyo maana kabla ya kumwandikia mgonjwa maraviroki, dawa inayoziba CCR5, daktari huagiza kirusi chenyewe kipimwe kijulikane kinapitia mlango gani.